Kaburi la Pili la Fundi Erinayo

Mume wa Joska alichukuliwa siku ya Alhamisi, mwezi wa kumi na moja wa mwaka sabini na saba, akiwa kifua wazi na sabuni ya kunyolea ndevu bado usoni. Watu wanne walishuka kwenye gari. Hawakumgombeza wala kumsukuma. Walimwambia tu aende nao kidogo, wana swali dogo, atarudi kunyoa upande uliobaki. Joska alibaki mlangoni ameshika wembe, na wembe huo akaushika mpaka adhuhuri bila kujua.

Mume huyo, Otema, alikuwa dereva wa malori ya polisi, Mwacholi mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Makosa yake yalikuwa mawili: kabila alilozaliwa nalo na kanisa alilolichagua. Tangu mwanzo wa mwaka ule Waacholi walikuwa wakivunwa kama mtama, na mwezi wa tisa serikali ikapiga marufuku makanisa madogo yote. La akina Otema lilikuwa dogo kweli, watu kumi na mmoja tu. Wao hawakuacha. Kila Jumatano mchana walikutana Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala, nyuma ya karakana ya fundi bati aliyeitwa Erinayo, mzee wa kanisa lao, aliyetengeneza masanduku ya wanafunzi na majiko ya makaa. Nyundo za Katwe zilikuwa hazinyamazi kutwa nzima, na wimbo ukiimbwa chini chini haukufika hata mlango wa pili.

Siku nne baada ya Otema, wakamjia Erinayo. Hawakuuliza njia. Walipita katikati ya masanduku moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, kama watu walioelekezwa. Wale waumini wengine wakatawanyika, huyu Masaka, huyu Kenya, na wakabaki wanawake wawili: Joska, ambaye vyombo vyake vilikwisha kutupwa nje ya nyumba za polisi, na Perpétue, mke wa Erinayo, mkimbizi wa Kongo aliyeletwa Kampala na vita vya kwao miaka ya sitini.

“Njoo tukae pamoja, dada,” Perpétue alimwambia. “Na mtu asituite wajane. Mpaka tuone kwa macho.”

Wakakaa pamoja pale karakana miezi kumi na saba. Joska alichemsha mihogo akaitembeza Kawempe. Perpétue alifua nguo za watu, sabuni ikikosekana akafua kwa majivu. Siku wasizo na kazi walizunguka kambi moja hadi nyingine, wakisimama getini na majina mawili mdomoni. Getini mahali fulani askari alimcheka Joska: “Mume wako? Tafuta mwingine, mama. Huyo amekwisha.” Oloya, kaka yake Joska, akasafiri kutoka Gulu kumsihi arudi nyumbani.

“Mwanamke haolewi na kivuli, Joska.”

“Sijaambiwa amekufa.”

“Nani atakuambia? Wanaoambiwa ni wangapi?”

“Basi nitaendelea kumwombea.”

Alisema hivyo kwa uthabiti, lakini imani yake haikuwa tamu. Kulikuwa na siku alizoomba meno yameumana, na siku alizokataa kabisa, akalala kitandani ameuelekea ukuta. Siku hizo Perpétue hakumhubiria. Alipiga magoti peke yake kando ya kitanda na kusema, “Leo nitasema mimi kwa ajili yetu wote wawili. Wewe lala tu.” Naye alimtaja Otema kwanza, kabla ya mume wake mwenyewe. Joska, uso ukutani, alisikia kila neno. Alijua kwamba bila mwanamke huyu angekwisha kumwacha Mungu, na huenda akili pia.

Mwezi wa nne mwaka sabini na tisa mizinga ikaunguruma siku kadhaa, kisha ikanyamaza, na serikali ikawa imekimbia. Malango ya magereza yakafunguliwa. Siku ya tatu, saa sita mchana, mtu kama ufito alisimama mbele ya karakana akishikilia ukuta. Perpétue ndiye aliyemtambua. Akapiga kigelegele, akamshika mkono, akamketisha, akaleta beseni na kumwosha miguu, miguu isiyo na kucha hata moja, huku Joska amesimama hawezi kusogea.

Alipomaliza kumwosha, Perpétue aliuliza bila kuinua uso: “Na wangu, shemeji? Ulimwona?”

Otema alitazama maji ya beseni. “Vyumba vilikuwa vingi, shemeji.”

Wiki tatu zilipita. Joska alikuwa amepewa alichokiomba, na hakujua akifanyie nini. Otema hakusali. Wanawake walipopiga magoti yeye alitoka nje. Chakula alichopika Perpétue hakukigusa, hata kama ni kile kile alichokula jana kwa mkono wa mkewe. Mwishowe Perpétue alipokwenda kufua, Joska alifunga mlango akasimama mbele ya Otema.

“Kuna nini kati yako na dada yangu?”

Otema alisema kwa Kiacholi, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Walikuwa wakimpiga miguuni na kumuuliza swali moja: nani anawaombesha, na wapi. Siku ya tatu alisema. Erinayo alipoletwa, walimtupa katika chumba kile kile. Erinayo alimwona, akaelewa papo hapo. Hakuuliza kitu. Alivua shati lake, akalirarua, akamfunga nyayo.

“Alikaa siku sita,” Otema alisema. “Walipokuja kumchukua aliniambia, ‘Perpétue asidanganywe. Utakapotoka mwambie yote, na kosa lako usiliache.’ Jioni ile askari akauliza nani anajua kuendesha lori. Nikanyoosha mkono, Joska. Ndiyo maana niko hai. Mzigo wa kwanza wa maiti niliopewa kupeleka msituni, yeye alikuwemo.”

Joska alitoka mbio hadi mfereji wa nyuma. Akakaa pale. Alikumbuka Perpétue akimtaja Otema kwanza, usiku na mchana, miezi kumi na saba. Halafu wazo likamjia, laini kama mkono wa rafiki: mji huu una siri elfu; ikiongezeka moja itamuumiza nani? Perpétue anatupenda. Atabaki anatupenda. Alilitazama wazo lile kwa muda, akaona kwamba akilikubali, hatapiga magoti tena kando ya mwanamke yule bila kusema uongo, na hata akiwa peke yake hataweza tena kupiga magoti. Akainuka, akarudi ndani.

“Utamwambia. Leo.”

“Atanilaani.”

“Na akulaani.”

Perpétue aliporudi, mikono ikiwa imekunjamana kwa maji, Otema alisimama akamwambia. Alilitaja kosa lake kwanza, kabla ya shati, kabla ya lori. Perpétue alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja tu.

“Ulitaja jina lake siku ya tatu. Kwa nini haikuwa ya nne?”

“Sikuweza, shemeji.”

“Usiniite hivyo.”

Alichukua kanga yake akaondoka. Siku nne alilala kwa jirani, mama mmoja aitwaye Habibah, na Joska alipokwenda kugonga, Habibah alitikisa kichwa tu mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu Otema achukuliwe, Joska hakuwa na mtu wa kumsemea. Akapiga magoti mwenyewe. Hakupata maneno. Akataja majina matatu, Perpétue kwanza, akanyamaza, akayataja tena.

Siku ya tano Perpétue alikuja na jembe, shuka jeupe na nguo ya gome la mti, ile ambayo Waganda huwavisha maiti wao. Alimwangalia Otema kama mtu anavyoangalia barabara.

“Unakumbuka mahali?”

“Nakumbuka. Wengine waliachwa juu. Yeye nilimchimbia. Askari walikuwa wanakunywa, sikupata nafasi ya kwenda chini sana.”

“Nipeleke.”

Walikwenda watatu, asubuhi, kwa lori la mkaa, wakashuka penye msitu kandokando ya barabara ya Jinja. Otema alitembea bila kusita, akahesabu hatua kutoka kwenye jiwe kubwa, akaanza kuchimba. Alichimba amepiga magoti kwa sababu miguu haikumhimili. Alipoifikia mifupa aliweka jembe pembeni, akaendelea kwa vidole. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikosa pingili moja, iliyokatwa na bati zamani. Perpétue aliponyoosha mkono kupokea, hakulia. Alihesabu mifupa, akaifuta mmoja mmoja kwa shuka. Joska alishikilia gome.

Erinayo alizikwa Bulemezi, kwenye ardhi ya baba zake, Jumamosi iliyofuata. Watu wa ukoo walifurika. Kaka wa marehemu alimwona yule mtu mrefu aliyekonda, akauliza ni nani. Joska alisogea karibu na mumewe.

Perpétue alijibu, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

“Huyu ndiye aliyetaja jina la mume wangu. Ndiye pia aliyemzika mara ya kwanza, kwa mikono yake, wakati sisi hatukuwepo. Amekuja kwa sababu nimemleta mimi.”

Kukawa na mngurumo. Vijana wawili wakasogea. Perpétue hakupaza sauti tena. Alitembea tu akasimama kati yao na Otema, mgongo wake kwa Otema, akabaki hapo mpaka wale vijana wakatazama chini. Kaka wa marehemu alisema mtu yule asiguse udongo wa kaburi hili. Otema akakubali kwa kichwa. Alisubiri barabarani hadi mwisho, na Joska akasubiri naye, wakisikia nyimbo kwa mbali.

Jioni wakirudi Kampala nyuma ya pikapu, Otema aliinamisha kichwa magotini akasema neno moja, “Rubanga,” jina la Mungu kwa lugha ya kwao. Joska alingoja aendelee. Hakuendelea. Joska hakumwongezea.

Perpétue hakurudi kuishi nao. Alipanga chumba upande wa pili wa Katwe. Kuna siku hukutana nao njiani akasimama, akamuuliza Otema habari za miguu. Kuna siku hupita akitazama mbele. Siku hizo Otema hujitenga kando ya njia kumpisha, na Joska, aliyejifunza kutoharakisha lolote, humwamkia tu: “Dada.” Mara nyingi, akiwa ameshapita hatua chache, Perpétue huitika.