Kukaa kwa Namna Mbili

Mtaa mzima walimwita Sponji. Alikuwa fundi makochi, na kila jioni alirudi nyumbani na punje za sponji zimemganda kwenye nywele kama mvi za bandia. Mkewe alikuwa na mwaka wa tatu nje ya nchi, akimtunza bibi kizee mmoja aliyepooza. Sponji alibaki na vyumba viwili, redio, na kitanda kipana ambacho bado alilalia upande wake tu, ule wa ukutani.

Mpango wao ulikuwa amfuate. Ila kule hawapokei mtu bila mtihani wa Kiingereza, na Sponji shule aliishia darasa la saba. Basi wakakubaliana waandikiane kwa Kiingereza tu, apende asipende. Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Aliwahi kumwandikia kwamba anamkumbuka, akitumia neno remember alilolitoa kwenye kamusi, mkewe akapiga simu huku kicheko kimembana mbavu. “Mume wangu, hivyo wanaambiwa marehemu.”

Siku hizi kicheko kilikuwa kimepungua. Ujumbe ulikuja mfupi mfupi: kazi nzuri, hali nzuri, baridi kali. Alasiri moja Sponji akamuuliza kama haogopi kutembea peke yake mpaka kituoni. Jibu likaja: “No. I live here.”

Akairudia sentensi ile. Miaka yote mkewe alikuwa akiandika “I stay here”. Akafungua kamusi. Maneno yote mawili yalitafsiriwa kukaa.

Kwa bahati, mwalimu mmoja mstaafu alipita karakana kuulizia kiti chake.

“Shikamoo, Mwalimu. Kiti bado mgongo tu. Lakini nina swali. Stay na live zina tofauti gani?”

Mwalimu akavuta benchi, akakaa. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kumuuliza kitu.

“Ukilazwa hospitali wiki mbili, hiyo ni stay. Ukijihifadhi kwa shemeji yako wakati nyumba yako inapakwa rangi, stay. Una kwako kwingine, na unajua utarudi. Live ni pale maisha yako yalipo. Hapo ndipo kwako.”

“Na mtu akianza na stay, akaja kusema live?”

“Basi huyo kahamia,” Mwalimu akasema akicheka, kisha akamtazama usoni, kicheko kikakatika. “Lakini watu huchanganya, mwanangu. Hata mimi nimewahi kuchanganya.”

Jioni, mafundi wengine walipoondoka, Sponji alipiga simu.

“Leo tuongee Kiswahili,” akasema.

“Kuna nini? Unaumwa?”

“Siumwi. Umeniandikia live. Zamani ulikuwa unaandika stay.”

Upande wa pili gari lilisikika likipita kwenye maji.

“Nilidhani hutaona,” mkewe akasema.

“Kwa hiyo ulikusudia.”

“Sikukusudia. Niliandika, nikaisoma, nikaona ni kweli. Nikaituma.” Akashusha pumzi. “Yule bibi alifariki miezi minne iliyopita. Sikukwambia kwa sababu ungesema nirudi.”

Sponji akakaa juu ya fremu ya kochi lisilo na godoro, mbao zikimchoma mapajani.

“Sasa uko wapi?”

“Nimepanga chumba. Nafanya kazi hospitali. Nina mlango wangu na ufunguo wangu.”

“Kuna mtu?”

“Hakuna mtu. Angekuwepo ingekuwa rahisi kukueleza.”

“Na mimi, nije?”

Alichelewa kujibu mpaka Sponji akaitazama simu kuona kama imekatika.

“Fanya mtihani kwanza,” akasema taratibu. “Usome, ni kwa faida yako.”

Sponji akajikaza, akasoma. Kila Jumamosi Mwalimu alimpitisha kwenye sentensi, na wote wawili walijifanya kwamba wanajua mwisho wa safari ile. Baada ya miezi miwili akafanya mtihani, akafaulu. Siku ya matokeo, nje ya kituo cha mtihani, kwenye ngazi, vijana waliofaulu walikuwa wakiwapigia ndugu zao simu, wengine wanakumbatiana. Yeye akaipiga picha ile karatasi ya matokeo, akamtumia mkewe.

Alipongezwa vizuri, kwa sentensi tatu zisizo na kosa. Hakuna hata moja iliyouliza anakuja lini.

Akasimama pale mpaka ngazi zikabaki tupu. Kisha akaandika, kwa Kiswahili, kwamba hataomba viza mpaka yeye mwenyewe amwambie njoo.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, akiwa anabandua kitambaa kikuukuu kwenye kochi la watu watatu.

“Asante kwa kunielewa.”

Akaweka simu mfukoni, akaendelea kung'oa pini moja moja, akizitia kwenye kopo. Mteja aliingia, akamuuliza shemeji hajambo huko aliko. Sponji akasema hajambo kabisa, akamwonyesha vitambaa achague rangi.