Pole Iliyochelewa

Pwa, pwa, pwa. Mfuniko wa ndoo ulikuwa ukipepea jiko la mkaa uani, alfajiri bado giza, na Oliva akajua mama yake ameamka mapema ili yeye asisafiri na tumbo tupu. Hata hivyo chai haikupita vizuri. Mama yake, Mama Suzana, alimwona anavyokizungusha kikombe. Alimfungia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye mfuko, akamrekebisha kola ya blauzi, akamsindikiza mpaka barabarani pale mtaani kwao Lizaboni.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuamua. Oliva alikuwa bibi shamba wa kampuni moja ya mbegu mjini Songea, na kwa kuijua kazi hakuna aliyembishia. Lakini nafasi ya usimamizi wa kanda ilipotokea, bosi wake, Bwana Kassimu, alimwita akamwambia kwa upole, jambo lililomuuma kuliko kama angefokewa.

"Mbegu unazijua kunishinda. Ila msimamizi anakaa na watu, Oliva, na watu wa Madaba wamesema hawakutaki. Twende nikusikie ukiongea nao. Wakikukataa tena, nafasi nampa Edmund."

Edmund! Yule mwenzake kazini wa kuulizia watoto wa watu na kucheka na kila mama sokoni. Oliva alizoea kumwona mtu wa maneno mengi tu.

Kisa cha Madaba kilikuwa hiki. Mwezi uliopita alikwenda kufungua shamba darasa, mahali wakulima wangejifunzia kupanda kwa nafasi. Alichelewa, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, akapita nyumba ya kwanza akiulizia habari za pale. Mama mmoja alimjibu, "Nzuri, ila..." Oliva hakuingoja hiyo ila. Alishapita. Huko shambani aliwagawia watu kamba za kupimia, lakini hakuna aliyeinua jembe. Walisimama wamekunja mikono, wakaondoka mmoja mmoja. Kwa hasira akawaambia hawapendi maendeleo.

Baadaye ndipo dereva alipomweleza. Siku moja kabla walikuwa wamemzika Mzee Ignas, mwenye ile nyumba ya kwanza, na kijiji kizima kilikuwa kimeweka majembe chini. Kwao hakuna wa kulima watu wakiwa kwenye matanga. Tangu hapo Oliva hakulala vizuri. Kila mtu anajua kwamba mwenye msiba huanza kwa kujibu nzuri, halafu ndipo husema kilichomkuta. Hata yeye kwao hujibu hivyo hivyo.

Gari lilipoingia kijijini, Bwana Kassimu aliangalia saa. Wanakikundi wa shamba darasa walikuwa wanawasubiri shuleni, na yeye mchana alitakiwa Njombe. Oliva alimwomba dereva asimame kwenye ile nyumba ya kwanza.

"Hapa kuna nini?" Bwana Kassimu aliuliza.

"Kuna msiba sikuutolea pole."

Alishuka. Nyuma yake injini ilikuwa bado inanguruma. Mama Kasiana, mjane wa Mzee Ignas, alikuwa ameketi kibarazani akipukuchua mahindi. Oliva alimwamkia, akaitikiwa, akasogezewa kigoda. Akauliza habari za hapo.

"Nzuri," mama alisema.

Safari hii Oliva akaingoja ile ila. Injini ikazidi kunguruma. Hakuinuka.

"Nzuri, ila mzee ametuacha."

"Nimesikia, mama. Pole sana. Siku ile nilipita hapa mlangoni sikukusikiliza. Nisamehe."

 Mama Kasiana alimaliza hindi lake, akatupa gunzi kando.

"Ulisema hatupendi maendeleo," alisema taratibu. "Shamba lile ulilotaka walime, alilitoa mzee mwenyewe. Alilifyeka akiwa anaumwa."

Oliva alitamani ardhi immeze.  Akavuta hindi moja, akaanza kupukuchua, akamuuliza mzee alikuwa mtu wa namna gani. Basi yule mama akamsimulia jinsi mumewe alivyokuwa akisemesha ng'ombe kuliko alivyomsemesha mkewe, na katikati ya kusimulia akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Baadaye akamtazama Oliva mikono.

"Unapukuchua kama unaogopa kuyaumiza."

Wakati huo ule mngurumo ulikuwa umekoma. Bwana Kassimu mwenyewe ndiye aliyeagiza gari lizimwe. Alikuja amevua kofia, akatoa pole, akakaa ukingoni mwa kibaraza bila kugusa habari ya saa.

Haukupita muda mwenyekiti wa kikundi, Mzee Aidan, akatokea upande wa shule kuangalia wageni wamekwama wapi. Ndiye aliyekunja mikono wa kwanza siku ile. Akamkuta Oliva na rundo la magunzi miguuni.

"Leo bibi shamba hana haraka?"

"Mwache," alisema Mama Kasiana, "bado hajamaliza."

Oliva akainuka, akamwamkia. Akasema hakuja kufundisha siku hiyo, na shamba la marehemu halitaguswa mpaka wenyewe waseme. Aliyasema hayo bosi wake akisikia, akijua huenda ndiyo anaiaga ile nafasi.

Mzee Aidan alimtazama mjane. Mjane akatikisa kichwa kukubali, kidogo tu. Mzee akamgeukia Bwana Kassimu.

"Huyu mtuachie. Tutafanya naye kazi."

"Basi ndiye atakayesimamia kanda," Bwana Kassimu alijibu. "Edmund nitamwambia mwenyewe."

 Oliva aliinama akakusanya magunzi, akayapeleka jikoni, na aliporudi kuaga, Mama Kasiana aliushika mkono wake asiuachie.

"Alhamisi tutalifungua shamba la mzee. Lakini usipitilize huko, mwanangu. Uje hapa kwanza, unikute."