Kikohozi Kisichokuwa Changu

Mjomba wangu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitatu. Bibi alimzaa uzeeni, akiwa amekwisha kugawa nguo zote za kitoto, na mimi mjukuu wake tayari natembea na kuvunja vikombe. Bibi alipofariki, mama alimchukua mdogo wake huyo akatulea pamoja, kitanda kimoja, sufuria moja. Lakini ujomba hauangalii umri. Tukicheza, refa ni yeye. Tukiharibu, wa kwanza kuulizwa ni mimi, kwa sababu mkubwa haulizwi mbele ya mdogo, na mkubwa ni yeye. Nilimwita Mjomba kabla sijajua maana yake, naye aliniita Mpwa kwa sauti ya mtu mwenye ndevu.

Kwa hiyo tulipoamua kwenda ng'ambo kutafuta kazi ya msimu, mama hakuniambia mimi nimtunze. Alimwambia yeye. "Mdogo wangu, nakukabidhi mwanangu."

"Dada, ondoa shaka," Mjomba akajibu, huku anatafuta soksi yake ya pili.

Mtu aliyeahidi kutupokea stesheni hakutokea, na simu yake ilikuwa imezimwa. Tulikaa kwenye benchi mpaka mfagiaji akatufagia miguu. Mjomba akajikaza. "Mpwa, kazi haimfuati mtu," akasema. Tukabeba mabegi, tukaanza kugonga mageti ya mashamba nje ya mji kwa maneno machache ya lugha yao tuliyokuwa tumejifunza: tafadhali, kazi, sisi wawili, nguvu tunazo. Wengine walitufukuza kwa mkono. Wengine walituachia mbwa.

Tulipata kwenye shamba la machungwa. Msimamizi wake tulimpachika jina la Filimbi, maana hakuwahi kumwita mtu kwa mdomo. Alitukagua viganja kama mtu anayechagua viatu vya mtumba, kisha akaonyesha ngazi iliyoegemea mti. Mnaijua hii?

"Sana," akasema Mjomba.

Nikageuka kumtazama. Huyu ni mtu ambaye akipanda kiti kubadilisha taa, lazima mwingine amshike suruali.

Walitupa kitanda cha ghorofa katika ghala la zamani, pamoja na vibarua wenzetu. Bomba lilikuwa moja, na viatu vilivyolowa vilinuka mpaka ndani ya mito. Mjomba akachukua kitanda cha chini. "Mkubwa hapandi," akasema, na mimi nikacheka, nikapanda.

Shambani hakukuwa na mzaha. Kila asubuhi majani yalikuwa na umande wa baridi uliotuingia mikononi hadi kwenye viwiko. Tunda hukatwa kwa mkasi, halivutwi, na mfuko wa begani ukijaa unakuvuta shingo kama mtoto mzito. Mjomba alichuma ya chini, akizunguka mti kwa magoti, na mimi nilichuma ya juu ya mti wangu na ya mti wake. Kwa muda mambo yalikwenda. Kisha Filimbi akasimama chini ya ngazi yangu, akahesabu miti kwa macho, akaelewa.

Akampigia Mjomba filimbi. Panda.

Mjomba akapanda. Alipanda vizuri mpaka katikati, nikaanza kupata moyo. Halafu ngazi ikatikisika kidogo, naye akakumbatia tawi, miiba na yote, akafumba macho. Filimbi ikalia tena na tena. Vibarua wakaacha kazi kutazama, mmoja akacheka, wengine wakafuata. Miguu yake ilikuwa inatetemeka hadi ngazi nzima ikawa inalia. Nilipanda nikambandua vidole kimoja kimoja, nikamshusha mgongoni. Alikuwa mzito, na moyo wake ulinigonga mgongo.

Filimbi hakupoteza maneno. Mmoja abaki, mmoja aondoke leo.

Ghalani nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Unafanya nini?" Mjomba akauliza.

"Tunaondoka."

"Nani kakwambia tunaondoka? Mjomba hapa nani?" Mikono yake ilikuwa imechanika, damu imekauka. "Wewe utabaki. Na dada asijue. Nimemaliza."

"Utakwenda wapi?"

"Dunia ni pana, Mpwa. Si kila kazi ina ngazi."

Nilimpa sweta langu. Akaondoka na lori la machungwa, amekaa kando ya dereva, amenyoosha shingo kama mwenye shamba.

Siku za mwanzo alipokea simu zangu. Kazi ipo, alisema, nzuri tu. Baadaye simu yake ikawa haipatikani kabisa. Nililala nikitazama dari, nikijiambia kuwa mtu mzima hapotei. Mama aliponipigia, nilisema tuko salama wote.

"Najua," mama akasema. "Mjomba wako ananipigia. Simu yake imeharibika, anaazima za watu. Amesema kikohozi chako kimezidi."

"Kikohozi changu?"

"Usinifiche. Amesema usiku hulali. Na hiyo mvua iliyolowesha magodoro, mbona hamkuniambia? Vaa sweta, mwanangu. Mjomba wako ana wasiwasi sana na wewe."

Nilikuwa nimesimama juani. Pale shambani mvua haikuwa imenyesha hata tone, na mimi kifua changu kilikuwa kizima kama ngoma.

Dereva wa lori alimkumbuka. Alimshusha kwenye soko la jumla la mboga, mjini. Nikamwendea Filimbi kuomba ruhusa. Akaniambia nikitoka nisirudi. Nikavua mfuko wa begani, nikauweka miguuni pake.

Sokoni ilikuwa mikokoteni, matope na majani ya kabichi yanayoteleza. Niliuliza kwa ishara mpaka mchukuzi mmoja akanielekeza nyuma ya maghala. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa ameketi juu ya magunia ya vitunguu chini ya turubai lililojaa maji, amevaa sweta langu, midomo imepauka. Aliponiona alisimama, akajivuta kola.

"Mpwa! Nani amekuruhusu kuacha kazi?" Kikohozi kikamkata, akashika nguzo.

"Twende hospitali."

"Mimi ndiye ninayesema nani aende wapi. Rudi shambani."

"Twende, unaumwa."

"Nakuamuru kama mjomba wako..."

Nikamwita kwa jina lake. Tangu nijue kusema sikuwahi kulitamka usoni pake. Alinitazama kama niliyemzaba kofi mbele za watu. Kisha akaokota begi lake, akanifuata.

Daktari alisema pafu moja limeingia maji na tumechelewa, lakini hatujachelewa mno. Walimlaza. Mimi nikatoka ukumbini, nikampigia mama, nikamweleza yote: ngazi, lori, soko.

"Kwa hiyo anayekohoa ni yeye," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilijua. Wewe hata utotoni kifua hakikukusumbua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliona nyote wawili mnanificha kitu kimoja, ugonjwa wake," mama akasema, na sauti yake ikaanza kukatika. "Nikafikiri, angalau basi wako pamoja."

Nilimpelekea Mjomba simu kitandani. Alisikiliza muda mrefu, akisema "Ndiyo, dada" na "Hapana, dada," kisha akageukia ukutani.

Tulirudi nyumbani msimu haujaisha. Njiani aliniuliza tukae upande gani wa basi, na kama anaweza kufungua dirisha. Nilimwambia, "Amua wewe, Mjomba," akasema, "Vyovyote utakavyo." Sasa amepona, anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na amepanga chumba chake. Akija kwa mama hukaa karibu na mlango. Namwita Mjomba kwa sauti kubwa, mbele ya watu, kila ninapopata nafasi. Anaitika vizuri tu, kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu aliyekuzidi umri.