Alichosoma Mbithe

Mbithe alijimwagia maji usoni kwenye bomba la choo cha maktaba, akarudi mezani kuendelea kusoma jinsi Waingereza walivyonyonga watu zamani. Tangu jana alikuwa hajala. Kitabu kilisema huko London watu walipigania nafasi za mbele. Madirisha yaliyoelekea jukwaani yalikodishwa, wachuuzi wakapita na pai za nyama. Mtu alinyongwa kwa kuiba kondoo. Mwingine kwa kuiba kitambaa dukani.

Alinakili, kwa ajili ya rufaa ya mdogo wake. Wakili hawakuwa naye. Serikali ilimpa wakili mshtakiwa wa mauaji, si wa wizi. Mdogo wake Muoki, mchonga vinyago, walikua naye mtaa wa Ziwani katika chumba kimoja na mama yao. Mwaka huo, 1994, wenzake wawili walimtishia mwenye duka kwa panga, wakachukua redio, Muoki akaibeba. Hakuna aliyekwaruzwa. Lakini huo ulikuwa wizi wa silaha, na hakimu alimhukumu kunyongwa.

Siku hizo jirani akibamiza mlango, Mbithe aliruka, mkono shingoni. Mama alimwona.

Siku ya rufaa Muoki alisoma mwenyewe karatasi ya Mbithe, kizimbani, pingu mikononi.

"Mheshimiwa, hata Uingereza, sheria hii ilikotoka, waliacha kunyonga wezi zaidi ya miaka mia moja iliyopita."

Jaji alirekebisha wigi lake jeupe lililoteleza kwa jasho.

"Nani amekuandikia haya?"

"Dada yangu, mheshimiwa."

"Mwambie dada yako hapa ni Kenya. Mambo ya Wazungu hayatuhusu."

Rufaa ikatupwa. Karani akaita kesi nyingine kabla Muoki hajashuka.

Mbithe alipoenda gerezani alimkuta nyuma ya wavu, kichwa kimenyolewa, shati kubwa kuliko mabega yake. Muoki hakumlaumu. Aliuliza kama mama anakula vizuri. Akauliza nani anatumia patasi zake. Kisha akasogeza mdomo karibu.

"Siz, huku wanasema ni sekunde tu. Ati husikii kitu."

Mbithe alisogeza mkoba begani.

"Wewe ndiye umesoma. Ni ukweli?"

Alikuwa amesoma. Kabla Waingereza hawajajua kupima urefu wa kamba kwa uzito wa mtu, wengine walining'inia wakitapatapa, hadi ndugu zao wakapenya katikati ya umati, wakawashika miguu na kuwavuta chini, ili wafe upesi. Ukurasa huo hakuunakili.

"Mbithe."

"Nakusikia."

"Si uniambie basi?"

Askari aligonga wavu kwa rungu. "Muda umeisha, mama. Toka."

Muoki hakusogea. Alikuwa akingoja, vidole vimeshika wavu.  Mbithe hakuweza kumtazama usoni. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya mdogo wake: mitupu, visigino vimepasuka, vidole vimejikunja kwa baridi ya saruji.