Fungu la Ayuma

Kiporo cha ugali kilitosha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Luseno. Nabwire, mkewe, alikipasha moto, akaisogeza sahani mbele yake pamoja na kidonge chake cha ugonjwa wa sukari. Kidonge hicho hakikutaka mzaha. Luseno aliwahi kukimeza kwa maji matupu, sukari ikamshuka, akaanguka kwenye lango la kiwanda huku akitetemeka na jasho likimtoka. Walinzi wakamsonya wakidhani amelewa. Tangu hapo, nyumbani kwao katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben, chakula kikiwa haba kilikwenda kwa mwenye dawa.

Asubuhi ile binti yao Ayuma alikuwa na kipande chake kidogo. Alikitia katika sahani ya babake.

"Kula, Baba. Mimi nimekula kwa kina Marion."

Luseno alijua kwamba kwa kina Marion, pale jirani, jiko halikuwa limewashwa tangu juzi. Alijua, na akala. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Hawakusema baadaye anaweka wapi uso wake.

Ayuma akafungua mdomo kuaga, sauti isitoke.

"Nimeenda shule, Mama," likasema tumbo la Luseno, kwa sauti ile ile ya Ayuma, nyembamba, yenye mafua kidogo.

"Haya, uende salama," Nabwire akajibu, akaendelea kusugua sufuria.

Kazini tumbo lilikariri hesabu za kuzidisha. Shiundu, aliyekuwa akipakia magunia naye, alisikiliza kidogo.

"Ni msichana ama kijana?"

"Msichana."

"Mimi yangu ilikuwa ya kijana. Ilikuwa inapiga kelele mpaka supavaiza anaskia. Utazoea tu."

Luseno hakutaka kuzoea. Aliona haya mpaka akawa anajifunga sweta tumboni jua likiwaka. Kwenye kliniki, muuguzi alimpima akafurahi. "Sukari imetulia kabisa. Unakula vizuri, mzee. Endelea hivyo hivyo." Tumbo likasema asante, na Luseno akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ikafika siku ya Ayuma kusoma kwa sauti mbele ya darasa, na Mwalimu Ndete akaagiza babake aje. Kulipokucha nyumbani palikuwa na uji tu, tena mwepesi. Ayuma alimsogezea kikombe chake. Luseno alikikataa. Aliona heri aanguke kuliko kumeza kingine cha mtoto huyu, akanywa dawa kwa uji wake mwenyewe na kutoka haraka.

Darasani, Mwalimu Ndete alimwonyesha pa kusimama.

"Mzazi, simama hapo karibu na dawati lake. Na utoe hiyo sweta, wa nyuma hawaskii."

Ayuma alifuata maneno kwa kidole, na tumbo la babake likasoma. Lilikwama mahali pamoja, likarudia, likaendelea. Mwalimu akampa Ayuma alama zake, akamwambia Luseno aje kesho tena, kuna Kiingereza.

Kufikia kengele ya chakula, Luseno akiwa bado darasani, kidonge kilikuwa kimeshinda uji. Jasho lilimlowesha shingoni na mikono ikaanza kumtetemeka. Watoto wakarudi na sahani za githeri, mahindi kwa maharagwe, wakaketi. Alijikaza, akauelekea mlango ili angalau aangukie nje, mbali na macho ya mwanawe. Ayuma akamshika mkono, akamkalisha kwenye dawati lake, akamwekea githeri yake magotini.

"Baba ameshiba," Luseno alinong'ona. "Kula wewe."

Ayuma akageuka kumtazama mwalimu.

"Mwalimu," tumbo likaita, darasa zima likasikia, "naomba kijiko cha Baba."

Mwalimu Ndete akaleta kijiko. Luseno akampa binti yake mgongo, akala githeri yote, na mchuzi uliobaki kwenye sahani akaufuta kwa kidole.