Kinanda Kilichojifunza kwa Luhende

Asubuhi ile ziwa lilikuwa jeupe kama bati, halina wimbi, halina ndege, na Luhende akasema moyoni, maji yakitulia hivi yana jambo. Akaanika ngoma zake juu ya jiwe, ngozi zikaze kabla ya misa. Kila Jumapili, miaka kumi na minne, mpiga ngoma wa kwaya ya Mabatini, na hakuna aliyewahi kumwambia ngoma yako imelegea.

Mwaka ule wa tisini na tano maduka yalijaa, kila siku kitu kipya. Na Jumapili ile Florian, mwalimu wa kwaya, kijana wa Bukoba mwenye adabu zake, akaleta kinanda kipya kutoka Nairobi.

Cha zamani Luhende alikuwa akikicheka, jamani. Midundo minane, yote inalia kama vijiko ndani ya sufuria! Ukiguse polepole, ukipige ngumi, sauti ni ile ile. Kile hakikumtisha mtu.

Hiki kipya, loo! Kiguse taratibu, kinanong'ona. Kikandamize, kinanguruma. Weka vidole vitatu vya kushoto, besi inakufuata, gitaa linakufuata, tarumbeta zinakufuata. Hamisha vidole, vyote vinahama. Kina mdomo wa kuingizia disketi, na kinachohifadhiwa humo hakisahauliki. Waimbaji wakapiga vigelegele. Luhende naye akapiga makofi, kisha akageuka kutazama ngoma zake.

Kitu kimoja tu hakikujua: bugobogobo, ngoma ya jembe, ngoma ya Wasukuma.

"Shikamoo, mzee Luhende," Florian akasema. "Kinajua rumba, kinajua za Wazungu, yetu hakijui. Tusaidie kukifundisha."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Luhende akavimba kichwa. Mkewe Bernadeta akamwuliza, "Baba Rose, ukishakifundisha, wewe utafanya nini?"

"Mashine ina mikono?" akamjibu, akaenda.

Akaketi mbele ya kinanda, na kila kitufe kikawa na ngoma yake. Akapiga ngoma kubwa. "Rudia, mzee." Kinanda kikameza. Akapiga ndogo. "Rudia, mzee." Kikameza. Akapiga njuga. "Rudia, mzee." Kikameza hata kule kuchelewa kwake kidogo kabla ya pigo la mwisho, alikorithi kwa baba yake, pale ambapo akina mama husubiri ndipo watikise mabega.

Kisha Florian akabonyeza, akaondoa mikono. Kinanda kikapiga chenyewe, kikachelewa palepale. Luhende akaogopa, akacheka kwa kuwa wote walikuwa wakicheka. Kujipalia makaa ndiko huko, ndugu zangu, na mtu hajasikia hata harufu.

Wiki tatu baadaye kwaya ikaalikwa Sengerema. Luhende akafika kivukoni na ngoma tatu juu ya mkokoteni. Florian akainamisha macho.

"Mzee, ngoma ni nzito, na nafasi ni ndogo. Zote zimo humu kinandani. Pumzika, umetutumikia sana."

Hakuwa na dharau hata chembe. Heri angekuwa nayo, mtu apate pa kukasirikia.

Kivuko kikaondoka bila yeye, kuelekea Kamanga, ng'ambo ya pili. Hakijafika mbali, wakaunganisha kinanda na betri ya gari, wakafungulia spika, na bugobogobo ikarudi juu ya maji: kubwa, ndogo, njuga, na kule kuchelewa. Vidole vya Luhende vikaanza kucheza vyenyewe juu ya paja. Akavikunja ngumi.

Kando yake mama mmoja muuza dagaa akatua beseni, akasikiliza, akasubiri, akatikisa mabega.

"Ee, mpigaji huyo! Ni nani?"

"Ni mimi," Luhende akasema.

Mama akamtazama usoni, akatazama ngoma tatu zilizolala kimya kwenye mkokoteni.

"Acha utani, baba," akasema kwa upole, akamgeuzia mgongo apate kusikia vizuri.