Upanga Uliokataa Ala

Huko Izumo, nchi ya wafua chuma, mwanamke hujifungulia kwenye kibanda cha peke yake, chenye moto wake na chungu chake. Mhunzi hali kilichopikwa kwenye moto ule mpaka mwezi upite. Mungu wa chuma ni mwanamke mwenye wivu. Maiti hazimchukizi hata kidogo, ila damu ya uzazi hataki hata kuisikia.

Heisaku aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini siku hiyo alikuwa hajatia kitu tumboni. Alikuwa akifua upanga wa mtawala, kwa chuma cha mchanga wa mto ule ambako zamani joka la vichwa vinane liliuawa, na upanga wa miungu ukakutwa mkiani mwake. Mtawala alitaka wa kufanana na huo. Asubuhi Heisaku akasikia kilio kichanga, akatupa nyundo, akatoka mbio.

"Msichana," alisema Nui, mkewe, akimfunika mtoto. "Kachukua pua yako, maskini."

"Pua hiihii ndiyo uliyoikubali."

Heisaku akacheka, akalia, akaketi. Uji wa mchele ulikuwa ukichemka. Akachota.

"Heisaku! Huo ni moto wa uzazi!"

"Nina njaa, Nui. Nani atajua?"

Alimaliza bakuli zima, akanusa kichwa cha mtoto, akarudi kazini kuuzamisha upanga majini.

Ulitoka majini ukiunguruma. Heisaku akaunoa, akautia alani, asimwambie mtu. Mchana alifika Iwasa, askari aliyetumwa kuuchukua. Akauchomoa, akausifu, kisha akataka kuurudisha. Ukakataa kuingia. Akataka kuutupa chini, vidole vikagoma kufunguka.

"Fundi, umekitia nini kitu hiki?"

Heisaku akaushika ubapa ili amsaidie kuusukuma alani. Upanga ukageuka wenyewe, ukampenya kifuani.

Mama yake, Ume, alimpokea akianguka. "Umekula wapi leo, mwanangu?"

"Kwa Nui," akasema. Hakusema tena.

Ume alifika kibandani na damu mpaka viwikoni, akasimama nje ya mlango.

"Nipe mtoto."

"Heisaku yuko wapi, mama?"

"Amekufa! Amekufa na upanga wake haujashiba! Unamtaka huyo aliyezaliwa kwenye huo moto wako. Usipomtoa utatumaliza sote!"

Nyuma yake Iwasa alikuwa akiburutwa na upanga kama anayevutwa na ng'ombe mwenye kichaa, visigino vikichimba udongo. "Mke wa Heisaku, kimbia! Siwezi kuuzuia!"

Akimbilie wapi, naye hata kusimama kunamshinda? Mtoto alikuwa amelala, ngumi chini ya kidevu. Nui alimtazama, kisha akatazama rundo la vitambaa vya kujifungulia vilivyolowa damu, ambavyo vilikuwa havijazikwa bado. Akavizungusha mikononi na kujikokota mpaka mlangoni.

"Damu ya uzazi inakuchukiza, eh?" alisema. "Basi njoo uinywe."

Akaudaka upanga kwa mikono yote miwili. Ulikata vitambaa, ukakata viganja, ukafika mfupani. Hakuachia. Upanga ulilia kama chuma cha moto kilichotiwa majini, halafu ukanyamaza. Vidole vya Iwasa vikafunguka. Kilichoanguka chini kilikuwa cha kijivu, butu, kama kipande cha jembe kuukuu.

Iwasa alikaa chini, akakitazama. "Sasa nimpelekee nini bwana wangu?"

"Mpelekee hichohicho," alisema Nui. "Na umwambie kimekula nini."

Jioni walikuja wanaume wa tanuri la chuma. Waliuomba mwili wa Heisaku wakaufunge kwenye nguzo ya tanuri, mungu wao apoe. Ume aliwafukuza kwa gongo.

"Kamchukua mwanangu mzima! Maiti yake hapati! Tokeni!"

Kisha mtoto akaanza kulia kibandani, akalia na kulia. Ume alijua ni kwa nini: mikono ya Nui ilikuwa imefungwa matambara mpaka kwenye vifundo, haiwezi kushika kitu. Akaja mlangoni, akasita.

"Nilikuja kumchukua akafe," alisema.

"Najua, mama." Nui alikuwa akilia kimyakimya. "Ingia. Anaanza na titi la kushoto."

Ume alivuka kizingiti, akamwinua mjukuu wake, akamweka kifuani kwa mama yake na kumshikilia kichwa. Mtoto akatafuta kidogo, akapata.